Walinzi Wawili wa Masolwa

Masolwa Mahona hakukubali hata mara moja mlinzi akeshe peke yake. Hiyo ndiyo sheria aliyotembea nayo tangu siku alizokuwa kamanda wa sungusungu kule Goweko, wakati ng'ombe walipokuwa wakitoweka zizini na wanakijiji wakaamua kujilinda wenyewe kwa filimbi, pinde na mishale. Vijana wake aliwapanga wawili wawili. Mlinzi akiwa peke yake, alisema, hulala, asipolala hununuliwa, na asiponunuliwa huogopa akajificha. Wakiwa wawili kila mmoja humwonea haya mwenzake. Ng'ombe waliacha kutoweka, na Masolwa akaishika sheria yake kwa hakika ileile aliyokuwa nayo juu ya Amri Kumi.

Kulikuwa na jambo alilojivunia zaidi ya hilo. Sungusungu hawakuwa na gereza. Adhabu yao kubwa ilikuwa kumtenga mtu. Aliyeonekana kuwa na kosa na akagoma kukiri, kijiji kizima kilimfungia kinywa: hakuna wa kumsalimia wala kumwitikia, hakuna wa kumpa kijinga cha moto, hakuna wa kuteka naye maji, mpaka akubali kosa lake na kutoa mbuzi wa kuliwa na wote. Ni adhabu inayouma kuliko kiboko. Mtu mzima aliyezoea kuamkiwa hulia kama mtoto anapopita njiani na watu wakamtazama kama wanavyoutazama mti. Masolwa aliisimamia adhabu hiyo mara nyingi, na popote alipoketi, iwe kwenye baraza la wazee wa kanisa la Moravian au kwenye harusi, alipenda kusema, "Mimi sijawahi kumtenga mtu asiye na kosa." Alisema kweli, na watu walijua kwamba anasema kweli. Heshima yake yote ilisimama juu ya neno hilo.

Baadaye alihamia Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora, akajenga kwa fedha ya asali. Mizinga yake aliiacha msituni huko Uyui, akawa anaifuata kwa pikipiki. Nyumbani aliishi na mkewe Martha na mkwe wao Elieth, mke wa mwanawe Fikiri. Fikiri alikuwa kambini kwenye ujenzi wa reli, akija mara chache. Elieth alitoka Igunga, mwanamke mpole wa maneno machache, akifundisha watoto wa chekechea. Kila alfajiri kabla ya kushika jembe au chaki alipitia ukumbini akapiga goti dogo: "Shikamoo, baba." Na Masolwa aliitika, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayelipa deni analolipenda.

Kompyuta ilikaa kwenye kona ya ukumbi, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Masolwa aliinunua kutoka ofisi moja iliyokuwa inafungwa, na hakuinunua kwa mchezo. Baba yake, mzee Mahona, alikuwa amefika ukingoni mwa maisha yake, naye ndiye aliyebaki na habari za ukoo. Babu zake walibeba pembe kutoka Unyanyembe mpaka Pwani na kurudi na vitambaa na chumvi. Mzee alijua vituo walivyolala, nyimbo walizoimba mzigo ukiwa begani, na zaidi ya yote majina ya wale ambao hawakurudi na mahali walipofukiwa njiani. Majina hayo hayakuwa popote ila kichwani mwake. Masolwa aliweka simu juu ya kigoda mbele ya mzee, akamwacha azungumze kwa Kinyamwezi siku baada ya siku mpaka pumzi ikamwishia. Kila simu ilipojaa, sauti alizihamishia kwenye kompyuta kwa memori kadi yake, ndani ya folda aliyoiita Sauti ya Baba.

Kitu cha thamani hiyo kilihitaji ulinzi. Kompyuta ilikuja na programu moja ya kuzuia virusi, antivairasi kama watu wanavyoiita, na Masolwa aliilipia kila mwaka bila kuchelewa. Lakini ilikuwa moja, na jambo hilo lilimkera. Siku aliyosikia redioni habari za wezi wanaoingia kwenye mashine za watu kupitia mtandao, alikwenda mjini, akatafuta programu nyingine ya aina hiyo, ya bure na yenye sifa nyingi, akaja nayo na kuipachika mwenyewe. Kompyuta ilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Usiku huo alimwambia Martha kwamba sasa nyumba ina lindo kamili.

Tangu hapo kompyuta haikuwa ile ile. Unaiwasha, unakwenda kulisha kuku, unarudi, bado inazungusha kile kiduara chake. Ukibonyeza hapa inafunguka pale. Na kila mara lilichomoza dirisha dogo jekundu upande wa kulia kusema kwamba kitu cha hatari kimekamatwa. Halijafutika, linachomoza jingine la kijani upande wa kushoto kusema hivyo hivyo. Martha aliuliza kama mashine haijaugua. Masolwa alimjibu kwamba hayo ndiyo maisha ya mlinzi aliye macho, na kwamba kama hawakamati chochote hapo ndipo angetia shaka.

Aliongeza na sheria ya pili: hakuna flashi ya mtu kuingia kwenye kompyuta hiyo kabla ya kupekuliwa. Elieth aliambiwa, akaitii.

Sasa ikakaribia siku ya kujengea kaburi la mzee Mahona. Ukoo wote ungekuja, wa Nzega, wa Goweko na wa mjini, na baada ya sala wangeketi uani wasikilize sauti ya marehemu ikitaja majina ya waliobaki njiani. Masolwa alikuwa amekwisha kukodi spika. Wiki ile ile Elieth aliomba ruhusa atumie kompyuta kuandika mtihani wa watoto wake. Alichomeka flashi, akaipekua kama alivyoagizwa, akaunganisha mtandao kutoka kwenye bando la simu yake ili apate picha za wanyama za kuweka kwenye mtihani, akamaliza, akazima. Asubuhi iliyofuata Masolwa aliketi aisikilize sauti ya baba yake. Folda haikuwepo.

Alitafuta pale ilipokaa siku zote. Alizima, akawasha, akangoja, akatafuta tena. Kisha akamwita Elieth mbele ya Martha na kumuuliza amefanya nini. Elieth alieleza yote, kuanzia flashi mpaka picha za wanyama, na akasema folda ile hakuigusa wala hakuifungua. Masolwa alimwambia afikiri vizuri kabla ya kujibu. Elieth alifikiri, akajibu vile vile. Kwa mtu aliyewahi kusikiliza wezi wengi, jibu lisilobadilika lilikuwa na maana mbili tu, ukweli au uongo uliokomaa, na Masolwa, kwa uchungu wa sauti ya baba yake, akachagua maana mbaya.

"Kukosea si kitu," alisema. "Ungekiri tungelia pamoja tukanyamaza. Unalokataa ndilo litakalokutenga."

Akamtenga. Martha aliagizwa asimsemeshe. Majirani wa karibu waliambiwa. Ukoo ukifika ungeelezwa, na kama bado hajakiri angerudishwa kwao Igunga mpaka Fikiri aje aamue. Fikiri mwenyewe alipigiwa simu, akasema baba anajua zaidi. Huo ulikuwa unyonge, na unastahili kuitwa kwa jina lake. Mume hakumtetea mkewe kwa sababu aliyemshtaki hakuwahi kukosea.

Elieth hakulia mbele ya mtu. Alipika, chakula kikaliwa bila neno. Aliteka maji peke yake. Na kila alfajiri alipita ukumbini kama kawaida, akapiga goti dogo, akasema, "Shikamoo, baba." Masolwa alitazama ukuta. Elieth alingoja kidogo, kiasi cha mtu kuvuta pumzi, kisha akainuka akaenda kazini. Ukimya ule ulimchosha Masolwa kuliko alivyotazamia. Wakosaji wote aliowatenga waliacha kusalimia baada ya siku chache. Huyu hakuacha.

Martha hakuvunja amri ya mumewe. Lakini hakuna aliyemkataza kwenda mjini, na mjini alikuwapo Zamda.

Zamda alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na ndoa, akabaki kufundisha kompyuta katika chuo kimoja hata baada ya mumewe kufariki. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na utani wao si mzaha wa kupitisha muda. Mtani ana ruhusa ya kukwambia usoni yale ambayo mkeo, mwanao na mchungaji wako hawathubutu, nawe huna haki ya kukasirika. Martha alijua anachokifuata. Alimweleza mambo yote mawili, la kompyuta na la Elieth, na hakuomba zaidi ya aje aangalie.

Zamda aliwasili Jumatano baada ya chakula cha mchana, mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani na kompyuta ndogo kwenye mfuko wa begani. Alianza kwa kwenda jikoni. Masolwa, akiwa ukumbini, alimsikia akimsalimia Elieth kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, akimuuliza hali yake, watoto wake wa chekechea na wazazi wake wa Igunga, na akamsikia Elieth akijibu kwa sauti ya mtu aliyesahau kwamba ana sauti. Alitaka kusema kitu. Akakumbuka kwamba mtani hafungwi na amri ya nyumba.

"Hodi kwa mpagazi," Zamda aliita akiingia. "Nimesikia mzigo umekulemea. Nimekuja kukutua."

"Karibu, Mzaramo. Umekuja kwa kazi au umekuja kwa asali?"

"Kwa kazi. Asali utanifungia mwenyewe ukishaona aibu."

Aliketi, akawasha kompyuta, akangoja. Akangoja tena. Alisema mashine inapumua kama mwenye pumu. Mwishowe kioo kikatulia, na kama kawaida likachomoza dirisha jekundu, halafu la kijani, halafu jekundu. Zamda alivaa miwani akasogea karibu. Alisoma la kwanza, akasoma la pili, akabonyeza ndani zaidi. Kisha akavua miwani na kuanza kucheka, kicheko cha mtu anayejaribu kukizuia akashindwa.

"Masolwa, hawa ni nani?"

"Walinzi."

"Wawili?"

"Wawili. Mlinzi mmoja hulala, na asipo..."

"Sheria yako Tabora nzima inaijua. Ninachokuuliza ni kingine. Kule Goweko vijana wako walikuwa wanafahamiana?"

"Kwa majina na kwa filimbi. Ungewezaje kulinda na mtu usiyemjua?"

"Basi hawa hawajuani," Zamda alisema. "Kila mmoja ametumwa na bwana wake na kuambiwa: ukimkuta mtu anazunguka ndani ya nyumba, anafungua kila mlango, anapekua kila gunia, huyo ndiye mwizi, mkamate. Na mlinzi mwenzake kazi yake ni nini? Kuzunguka, kufungua na kupekua."

Masolwa alitazama madirisha yale mawili. Alikuwa mgumu wa moyo katika siku zile, lakini hakuwa mgumu wa kuelewa.

"Kwa hiyo wanakamatana," alisema.

"Kutwa kucha. Mwekundu anamfunga kijani, kijani anajifungua na kumfunga mwekundu. Mwizi akipita katikati yao wala hawamwoni. Wazee wenu walibeba pembe mpaka kwetu Pwani bila kupigana njiani, wewe umeshindwa kuwapatanisha wawili ndani ya sanduku."

Martha, aliyekuwa ameleta sinia la karanga, aliliweka mezani haraka akarudi jikoni, mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Kazi yenyewe haikuwa ya kucheka. Zamda alihakikisha kwanza kwamba mtandao umekatwa, ili pasiingie kitu wakati nyumba haina mlinzi. Akaamua kuondoa ile ya bure, ya kijani, kwa kuwa ile nyekundu ilikuwa imelipiwa na haina sababu ya kutupwa. Ya kijani ikakataa kuondoka. Aliijaribu kwa njia ya kawaida, ikasema iko kazini. Akaizima kompyuta na kuiwasha kwa namna ya pekee, ile ambayo mashine huamka na vitu vichache tu vya lazima na walinzi wote wakiwa bado wamelala, na hapo ndipo ya kijani ilipong'oka. Alipoiwasha tena kwa kawaida, kompyuta iliamka kabla Masolwa hajamaliza karanga zilizokuwa mkononi mwake. Alitazama kioo kana kwamba amemwona mgonjwa akisimama.

Lakini mlinzi mwekundu naye alikuwa hoi. Nusu ya viungo vyake vilikuwa vimekamatwa na mwenzake, na alipofunguliwa alitoa ujumbe wa kosa na kujifunga. Zamda hakutaka kumtibu kiraka kwa kiraka. Alimwondoa naye, akamwomba Masolwa kasha lenye namba ya leseni, akampachika upya kuanzia mwanzo, akaunganisha mtandao wa simu yake kwa muda mfupi ili mlinzi apate habari mpya za virusi, kisha akamwamuru apekue diski yote. Wakati anapekua walikunywa chai. Zamda aliuliza habari za kaburi na saruji, na Masolwa akajibu kwa adabu, lakini jicho lake lilikuwa kwenye kioo.

Upekuzi ukaisha. Kompyuta ilikuwa nyepesi, dirisha jekundu limetulia pembeni kama mlinzi aliyeshiba. Masolwa alishika kipanya mwenyewe, akafungua pale folda ilipokaa siku zote. Haikuwepo.

"Umeona?" alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya kamanda. "Umeiponya mashine. Sauti ya baba imekwenda. Na wa mwisho kukaa hapa alikuwa yeye."

Zamda naye alikuna paji la uso kwa mkono wa miwani. Alikiri kwamba huenda mafaili yamefutwa, na kwamba yakishafutwa kuyarudisha ni kubahatisha. Alikaa akifikiri. Halafu akauliza kama mzee alizungumza kwa muda mrefu.

"Siku nyingi. Simu ilikuwa inajaa, nahamishia huku kwa kadi, naanza upya."

"Basi yalikuwa mafaili mazito. Yangefutwa, diski ingepata nafasi." Akabonyeza mahali, akaonyesha mstari uliojaa rangi karibu wote. "Tazama. Diski yako imeshiba mpaka kooni. Kilichoijaza ni nini, kama sauti haipo?"

Aliingia kwenye mipangilio na kuiagiza kompyuta ionyeshe vitu vilivyofichwa. Kwenye kioo, pale pale palipokuwa patupu, ikajitokeza folda, rangi yake imefifia kama kitu kinachotazamwa kupitia chandarua. Jina lake lilisomeka: Sauti ya Baba.

Zamda alirudisha mkono, akamwachia kipanya mwenye nyumba. Masolwa alifungua faili la kwanza. Kulikuwa na mkwaruzo wa simu ikisogezwa juu ya kigoda, kikohozi, na kisha mzee Mahona akasema salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, mwangaluka, polepole, kwa sauti ya mtu aliyeketi juani.

Masolwa aliitika. Aliitika kwa sauti, kama baba yake yuko chumba cha pili, na hakuona haya. Pumzi aliyoishusha hapo ilikuwa imemkaa kifuani tangu folda ilipopotea, na ilipotoka aliegemea kiti akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Martha, aliyekuja kuondoa vikombe, aliweka sinia chini. Sauti ya mzee iliendelea, ikaanza kutaja kituo cha kwanza.

Zamda aliwaacha wasikilize. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtani na si mgeni, akarudi kwenye lililobaki.

"Folda haijifichi. Kuna kirusi kilichoificha, kikaweka kivuli chake mbele, chenye jina lilelile. Ulipokuwa unabonyeza, ulikuwa unabonyeza kivuli. Kivuli kinakufungulia ya kweli, nawe hujui. Siku Elieth alipounganisha bando lake, mmoja wa walinzi wako alipata habari mpya, akakitambua kile kivuli, akakitupa. Kilichopotea siku ile ni mwizi. Swali ni nani aliyemwingiza."

Alimwita Elieth, naye akaja akasimama mlangoni bila kuvuka kizingiti. Zamda aliomba flashi yake, akaichomeka kwenye kompyuta ndogo aliyokuja nayo begani. Ilipekuliwa, ikaonekana safi. Kisha akanyoosha mkono kwa Masolwa.

"Na wewe. Ile memori kadi iliyoleta sauti za mzee."

Masolwa aliitoa kwenye simu. Haikuwa imemaliza kuingia kwenye kifaa cha kuisomea, kompyuta ya Zamda ikapiga kelele na kioo chake kikawa chekundu. Zamda aliuliza kadi hiyo iliwahi kuchomekwa wapi. Masolwa alitafakari, akasema stendi, kwa wale wanaowatilia watu nyimbo kwenye simu. Aliwekewa kwaya za siku ya kujengea kaburi.

"Ukaileta ukaichomeka hapa bila kuipekua."

"Ilikuwa yangu," alisema Masolwa.

Zamda aliichomoa kadi akaiweka mezani. Sheria ya kupekua aliiweka mwenyewe, akaisimamia kwa mkwe wake, na mkono wake mwenyewe akauacha upite. Wako wengi wa namna hiyo makanisani na maofisini, na hawajui mpaka siku mashine inapowapigia kelele.

Lakini Masolwa alikuwa na jambo moja ambalo wengi wa namna hiyo hawana. Hakutafuta mlango wa kutokea. Angeweza kusema kwamba kompyuta ni mambo ya wasomi na yeye ni mtu wa nyuki. Angeweza kungoja Elieth asalimie alfajiri, akaitika kana kwamba hakuna kilichotokea, na wanaume wengi wangemwita muungwana kwa hilo. Alisimama, akamwagiza Martha awaite wale majirani walioambiwa. Wakaja, Gerson na mkewe Apolinaria kutoka nyumba ya jirani, wakiifuta mikono yao yenye udongo, wakidhani kuna msiba.

Masolwa aliwaambia habari yote bila kupunguza, mpaka ya kadi. Kisha akamgeukia mkwe wake.

"Elieth, mwanangu. Nilikutenga na hukuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi. Kwa sheria yangu mwenyewe mkosaji hutoa mbuzi, na wewe ndiye wa kusema kama mbuzi anatosha."

Elieth alivua viatu mlangoni. Alivuka kizingiti, akaja mpaka mbele ya kiti.

"Baba, mbuzi ni wa watu wote," alisema. "Mimi nilikuwa nangoja kimoja tu." Akapiga goti dogo kama alfajiri zote. "Shikamoo."

"Marahaba," alisema Masolwa. Akashindwa kumalizia, akajaribu tena. "Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Apolinaria akapiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akajikaza kwa sababu hakujua kama kinafaa. Kilifaa. Nyumba iliyokuwa ikinong'ona kwa siku zote zile ikajaa sauti za watu wanaosema kwa pamoja, na Martha alimshika Elieth mkono, wakaenda kuteka maji wote wawili, ingawa pipa lilikuwa limejaa. Kutoka ukumbini mzee Mahona aliendelea kutaja vituo. Zamda alisafisha ile kadi, akairudisha kwa mwenyewe, akakumbusha kwamba katika mbuzi wa Mnyamwezi paja ni la mtani, na kwamba asali bado hajaiona.

Jioni ile Masolwa alimpigia simu Fikiri, akampa habari, na akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia: kwamba siku nyingine akimwona baba yake anamshtaki mkewe, asiseme baba anajua zaidi. Aulize kwanza.

Ukoo ulikuja. Kaburi lilijengewa, sala ikafanyika, na uani chini ya turubai watu wa Nzega na wa Goweko walisikiliza sauti ya marehemu ikitaja majina ya waliobaki njiani, mmoja baada ya mwingine. Wazee wengine waliitika kila jina. Elieth ndiye aliyeketi kwenye kompyuta. Ilikuwa na mlinzi mmoja, nayo haikukwama hata mara moja. Baadaye, wakati wa kula, mtu mmoja wa Goweko aliyetumika zamani chini ya Masolwa alianza kuwasimulia vijana habari za sungusungu, na alipofika kwenye neno lile maarufu la kamanda wake alimgeukia ili alitamke mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi. Masolwa alitikisa kichwa. Alisema neno hilo si lake tena, akaeleza kwa nini, akaendelea kula.

Mbuzi jike mwekundu ambaye Masolwa alimtegemea kwa uzao ndiye aliyeliwa siku hiyo. Kuwaamini walinzi wawili wasiojuana, na kutojipekua mwenyewe, kulimgharimu Masolwa Mahona mbuzi huyo na haki ya kusema kwamba hajawahi kumtenga mtu asiye na kosa.